Mtu Mwingine Kwenye Turubai

Mjini Battambang, nchini Kambodia, nyuma ya soko, Saroeun alikuwa akichora wafu. Watu waliopoteza jamaa zao enzi za Pol Pot, wasiobakiwa hata na picha moja, walikaa mbele yake wakamweleza: pua hivi, masikio hivi. Naye alichora mpaka mtu aangue kilio. Wa kwake mwenyewe hakuwahi kumchora. Alitenganishwa na mama yake angali mdogo, akapelekwa kambi ya watoto, na alipotoka huko sura ya mama ilikuwa imemfutika kabisa.

Mwaka ule Pchum Ben ilikuwa inakaribia, siku ambazo wafu hurudi kutafuta chakula kwa jamaa zao. Thavy, mwuza mchele, alikuja kuagiza picha ya marehemu mumewe. Saroeun akaianza asubuhi. Alipotoka kula na kurudi, kwenye turubai alikuwapo mwanamke.

Alidhani ni jua limemchanganya. Akafuta kwa tapentaini, akachora upya taya pana za kiume. Mkono ukawa mzito, kama umeshikwa na mtu. Kesho yake, mwanamke yuleyule, kageuza kichwa kidogo kama aliyeitwa.

"Umechoka tu," Kosal, mume wa Saroeun, alimwambia. "Au unamtafutia marehemu mke wa pili?"

"Usicheke, baba Rithy. Njoo umwone."

Kosal alitazama, kicheko kikamkauka. Tangu siku hiyo akawa anapitia uani.

Thavy aliporudi, alikuja juu. "Mimi nimekuagiza mume, wewe unanipa mwana..." Akaketi sakafuni.

"Mama, vipi?"

"Huyu namjua. Tulilala naye kibanda kimoja kule tulikolazimishwa kuchimba mfereji. Kila jioni aliita, polepole, walinzi wasisikie: Kadogo, Kadogo, njoo ule."

Brashi ilimdondoka Saroeun. Ndivyo alivyoitwa kwao kabla ya yote. Hata Kosal hakulijua jina hilo.

"Walimuua?"

"Homa, mwanangu. Nilimfukia kwa mikono yangu. Na kovu lake la nyusi umelisahau. Hapa, kushoto."

Saroeun akaokota brashi, akatia kovu. Machozi hayakuja. Kilichokuja ni njaa, njaa ya mtoto mdogo, hata akala wali sahani mbili mbele ya mgeni bila haya.

Sikukuu ilipofika, wawili hao walikwenda pamoja kwenye pagoda, hekalu la Wabudha, wakaweka matonge ya wali, wakamtaja mama kwa jina lake, na mume wa Thavy kwa lake. Baada ya hapo picha ya mume ilikubali kwa asubuhi moja.

"Ndiye," alisema Thavy. "Ila umemnenepesha."

"Si umemlisha juzi?"

Thavy alicheka mpaka akajifuta macho kwa kilemba.

Picha ya mama imetundikwa chumba cha mbele. Miaka imepita, na rangi ya shavuni haijakauka. Ukiigusa, kidole hutoka chekundu, tena kina joto.