Tumesikia, Mwenyekiti

Nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi kwa kosa la kuuliza maswali matatu. La kwanza, kwa nini kikao kilichoitishwa saa nane kinaanza saa kumi. La pili, kwa nini ajenda zimeshaandikwa ubaoni kabla hatujaulizwa tuna shida gani. La tatu ndilo lililonimaliza: uji wa watoto utarudi lini?

Bibi mmoja aliyekaa nyuma, kajifunga khanga juu ya sweta, akasema bila kusimama, "Huyo anayeuliza, apewe yeye."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akasema mikono juu, mikono ikapanda, hakuna aliyeihesabu. Nikajitetea kwamba mimi hata si mzazi. Mtoto niliyemwandikisha pale ni wa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa Manda, kule ziwani, akinunua dagaa wa kuja kuuza mjini. Mimi ni mjomba tu.

"Sare zake anafua nani?" bibi akauliza.

"Mimi."

"Basi."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, shahada ya maendeleo ya jamii, na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi ya Njombe. Tasnifu yangu ya chuo ilihusu namna ya kuwashirikisha wananchi katika miradi yao. Naitaja mapema ili baadaye msinicheke mara mbili.

Uji ulikuwa umekatika tangu mvua za mwezi wa nne zilipolaza ukuta wa jiko la shule. Mahindi yalikuwepo stoo, mpishi alikuwepo, masufuria yalikuwepo. Pa kupikia ndipo hapakuwepo. Na baridi ya mwezi wa sita ilikuwa njiani, ile ya asubuhi majani yakiwa meupe na mtoto wa darasa la kwanza akishika penseli kwa ngumi, maana vidole vimegoma. Mpwa wangu alikuwa akitoka nyumbani kwetu Mjimwema kabla jua halijapasha kitu, akirudi saa nane. Shingoni alining'iniza kikombe cha plastiki cha bluu, kwa sababu mwalimu wa darasa alikuwa amesema vikombe viendelee kuja mpaka hapo itakapotangazwa. Haikutangazwa. Kila siku kikombe kilikwenda kisafi na kurudi kisafi.

"Leo je?" nilikuwa nauliza.

"Leo hamna, anko. Labda kesho."

Jioni ya siku niliyochaguliwa nilimwambia kwamba kabla baridi haijakolea atakunywa uji shuleni. Sijui nini kilinipata. Mimi ndiye yule mtu ambaye mwanasiasa akiahidi kisima, nauliza kina mita ngapi.

Mwalimu mkuu alinikabidhi ofisi: muhuri uliokauka wino na kaunta buku moja la mihtasari ya vikao. Mwenyekiti aliyenitangulia, mama mmoja, alikuwa amehamia Makambako kufungua mgahawa, kwa hiyo makabidhiano niliyafanya na hilo daftari. Nililisoma lote kibandani, wateja wakisubiri kopi zao. Kila ajenda iliishia kwa moja ya sentensi mbili. Ama "Wazazi walisikia," ama "Wazazi walipanga." Nikadhani mwandishi alikuwa akibadilisha maneno ili asichoshe. Pembeni, kwa penseli, nikaandika: lugha haieleweki, irekebishwe.

Kisha nikafanya kazi kama nilivyofundishwa. Mimi na mwalimu mkuu, mtu wa Tanga, mpole, anayevaa koti zito hata saa saba mchana, tulipima kwa hatua nyuma ya darasa la kwanza, karibu na bomba la maji. Nikachora jiko jipya: nguzo za miti, kuta za mabanzi, yale maganda ya mbao ambayo kwetu yamejaa kila penye mashine ya kupasulia, na bati juu. Nikachapa ramani kwa rangi. Kwenye kikao nikaeleza karibu saa nzima. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja, utakuwa Jumamosi saa mbili asubuhi, kila kaya mtu mmoja.

"Tuko pamoja?" nikauliza.

"Tumesikia, mwenyekiti."

Walijibu wote kwa sauti moja, tulivu, yenye heshima. Nilirudi nyumbani nikijiona kiongozi wa kuzaliwa. Usiku nikatuma ujumbe kwenye kundi la wazazi la simu, na vikaja vidole gumba vingi kiasi kwamba nililazimika kuvipandisha kwa kidole changu kuviona vyote.

Jumamosi nilifika saa moja na nusu, na jembe la kuazima. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu akatokea mzazi mmoja, mkulima wa viazi aliyehamia mjini kutoka Matamba. Nilitaka kumkumbatia.

"Kamwene, mwenyekiti."

"Kamwene, baba. Karibu sana. Jembe hili hapa."

Alilitazama jembe, akanitazama mimi. "Nimefuata sweta la mtoto. Jana kalisahau darasani."

"Na msaragambo?"

"Ule tulisikia," akasema kwa upole, kama mtu anayenipa pole ya msiba. Akachukua sweta, akalikung'uta, akaondoka.

Nyumbani mpwa wangu alikuwa amekaa kizingitini.

"Wamejenga?"

"Bado."

"Mimi nimeshawaambia darasa zima kwamba anko wangu analeta uji," akasema. Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali.

Niliandika ujumbe mrefu wa kuwasema wazazi wote, wenye maneno kama uwajibikaji na mustakabali, nikaufuta. Jumapili baada ya misa nikapanda kosta kwenda Makambako. Ndiko nilikozaliwa, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, ila safari hii sikwenda nyumbani. Nilimkuta mwenyekiti wa zamani mgahawani kwake, mkabala na yanapoegeshwa malori, anakanda unga wa chapati huku akimjibu dereva mmoja aliyedai supu ya jana ilikuwa na nyama zaidi.

"Jana ulikuwa na njaa, ndiyo maana," alimwambia. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye mrithi wangu? Nilijua ni kijana, sikujua ni mtoto. Kaa. Umekula?"

Nikamweleza yote: ramani, bomba, rangi, vidole gumba. Alisikiliza bila kuacha kukanda.

"Ulipomaliza kusema, walijibuje?"

"Walisema tumesikia."

Mama akaacha kukanda. Akaangalia juu, kwenye bati, kisha akaanza kucheka, kwanza polepole, halafu akakaa kabisa kwenye debe, mikono yenye unga ikiwa hewani.

"Sasa mwanangu, wewe unalalamika nini? Si walisikia?"

"Nilidhani wamekubali."

"Nani alikwambia wamekubali? Wamekwambia wamesikia. Wangekuwa viziwi ndiyo ungekuja hapa kunishitakia." Akajifuta machozi kwa kiwiko. "Mtu wa kwetu hawezi kusimama mbele ya kikao akakwambia umekosea. Atakuaibisha, na wewe umevaa shati zuri. Anakwambia nimesikia. Maana yake, maneno yako yamefika, yangu bado yako tumboni."

"Nitajuaje basi kwamba wamekubali?"

"Watagombana. Mmoja atasema misumari yako ilikuwa mifupi mwaka ule, mwingine atasema panga langu hulirudishi. Watu wakianza kugombea vifaa, ujue kazi ipo. Wakikaa kimya vizuri kama kanisani, nenda nyumbani kalale."

Nikakumbuka kaunta buku. Walisikia. Walipanga. Mwandishi hakuwa akipamba lugha. Alikuwa ameandika, kwa uaminifu wote, yapi yalifanyika na yapi hayakufanyika, na mimi nilikuwa nimemsahihisha kwa penseli. Mimi, niliyehoji saa ya kikao, ajenda na ubao, neno moja la Kiswahili lilikuwa limepita mbele yangu bila kuulizwa hata kitambulisho.

"Nifanyeje?"

"Wewe si ndiye unayeuliza sana? Waulize wamesikia nini. Na ukishauliza, funga mdomo. Hapo ndipo utapata taabu, nakuona." Akanifungia chapati mbili kwenye gazeti. "Hizi za huyo mtoto. Usizile njiani."

Niliitisha kikao kesho yake, Jumatatu. Nilieleza tena mradi kwa dakika tano, bila ramani.

"Tumesikia, mwenyekiti," wakasema.

"Mmesikia nini?"

Mwalimu mkuu akakohoa, akafungua mdomo kunisaidia. Nikamgusa kiwiko. Nilihesabu moyoni mpaka arobaini na kitu, nikiuma ulimi. Mwishowe yule baba wa sweta akasimama nusu.

"Tumesikia Jumamosi asubuhi."

"Na Jumamosi asubuhi ina nini?"

"Ina jumuiya," akasema, na ukumbi mzima ukaguna kwa kukubali. Walikuwa wameniona mara ngapi nikipita Jumamosi na kikombe changu cha kahawa, wakiwa wanasali nyumba kwa nyumba. Walijua sihudhurii. Hawakutaka kunisema mbele ya mwalimu mkuu.

"Mengine?"

Bibi wa khanga hakusimama safari hii pia. "Tumesikia jiko litakaa nyuma ya darasa la kwanza. Mwenyekiti, wewe umezaliwa wapi?"

"Makambako, bibi."

"Na mwalimu?"

"Tanga," mwalimu mkuu akajibu, akivuta koti.

"Ndiyo maana. Mwezi wa sita upepo wa hapa unatoka kule." Akanyoosha mkono kuelekea bombani. "Moshi wote utaingia darasani. Watoto watakunywa uji, lakini hawataliona daftari."

Nikamwona mpwa wangu kwenye dawati lake la pili kutoka dirishani, macho mekundu, kikombe kimejaa. Nikauliza jiko likae wapi. Wakasema upande wa pili, chini ya kiwanja. Mwalimu mkuu akasema ni mbali na maji. Bibi akasema watoto wana miguu. Siku je? Jumatano mchana, baada ya watu kutoka shamba.

Kisha nikasubiri, kama nilivyofundishwa.

"Mabanzi nitaleta mimi," mtu mmoja akasema.

"Yako yana magome, yanaingiza wadudu. Nitaleta mimi."

"Yako ya mwaka juzi ndiyo yaliyooza."

"Aliyeyaacha nje mvuani nani?"

"Nyundo ije, ila safari hii irudi kwangu. Wewe mwenye kofia, nakuangalia wewe."

Walirushiana maneno mpaka giza likakaribia. Mwandishi akaniinamia kuniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike walipanga.

Jumatano walikuja wengi kuliko kazi yenyewe. Mimi nilipewa kushika ngazi, baada ya kupinda misumari minne mfululizo. Bibi alikaa kwenye kiti pembeni, akirusha majani makavu hewani mara kwa mara kutazama yanaelekea wapi. Mabanzi yalikuwa na magome, na yakagombewa upya mpaka la mwisho.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka kibandani nikamkuta mpwa wangu anacheza uani. Kikombe cha bluu kilikuwa juu ya ndoo. Nikakichungulia. Ndani kulikuwa na uji umekauka, umeganda pembeni mpaka karibu na ukingo, na alama ya kidole alichopitisha kukomba. Nilikishika kwa muda mrefu kuliko kikombe kinavyostahili.

"Ulikuwa mtamu?"

"Ulikuwa wa moto," akasema, kana kwamba hilo ndilo jambo lenyewe.

"Haya, kaoshe kikombe, kesho unakihitaji."

"Nimesikia, anko," akajibu kwa adabu, na akaendelea kucheza.

Nikachukua maji, nikakiosha mwenyewe.