Maneno Niliyompelekea Mzee Situma

Sababu ya safari yangu ilikuwa ukurasa mmoja usio na kitu. Mhariri anayetayarisha kitabu cha makala zangu za zamani alinitumia ujumbe: "Mwalimu, makala za muziki zina maneno magumu. Tuwekee orodha ya istilahi mwishoni, kila neno na maana yake. Mitindo yote, zama zote. Usiandike mengi." Nilimjibu kwamba ataipata kufikia Jumatatu. Kisha nikaketi mezani nyumbani kwangu, mtaa wa Tena, nikaanza kuyaorodhesha maneno niliyoyatumia nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na nikagundua kwamba maana ya mengi sikuwahi kuijua. Niliyajua kwa sauti tu, kama mtu anavyojua jina la jirani ambaye hajawahi kumwamkia.

Neno lililonikwaza zaidi lilikuwa ridhimu. Nililitumia katika makala ya gazeti nikiwa mwaka wa tatu chuo kikuu, baada ya kusoma kozi moja ya muziki na kukaa alasiri moja ya Jumapili katika ukumbi wa mtaa wa Kaloleni. Bendi ya pale ilipiga, watu wakacheza, na mimi nikaenda kuandika kwamba mpiga gitaa la ridhimu, karani wa reli aitwaye Situma, "anarudia kipande kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu aliyefundishwa sentensi moja ya lugha ya kigeni." Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliwasomea wenzangu bwenini. Miezi michache baadaye nikasikia kwamba Situma ameacha bendi. Watu walitaja sababu nyingi, na mimi nikachagua kuamini kwamba ni kazi ya reli iliyombana. Nimeamini hivyo kwa karibu miaka thelathini.

Sasa makala ilikuwa inarudi mtamboni, na Situma yuko hai, bado anaishi Kaloleni. Sikutaka ichapishwe kabla sijajua kama ni mimi niliyemtoa jukwaani. Kama ni mimi, nilitaka nimwombe radhi, na nimwombe kwa maneno ambayo maana yake naijua.

Nikapanga njia: Umoja, Mukuru kwa Njenga, halafu Kaloleni. Mtaa wa Majengo nao ulikuwamo kwa ajili ya maneno ya taarab, lakini mwimbaji niliyempigia simu alinijibu kwamba Jumamosi hiyo ana harusi mbili na hana nafasi ya kumfundisha mtu mzima maana ya kiitikio. "Kiitikio ni pale watu wanapokuitikia," akasema. "Wasipokuitikia, huna." Akakata simu. Niliandika hivyo hivyo, sikuongeza kitu.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Umoja. Kutoka Tena si mbali. Ladha ya chai ilikuwa bado mdomoni nilipoingia kanisani, na wasafiri wa kweli wana ruhusa ya kunicheka. Mwenyeji wangu alikuwa Mwalimu Ndunge, binamu ya mke wangu, ambaye alistaafu kufundisha shule ya msingi lakini kwaya hajaistaafu. Alisimama mbele ya ubao wenye solfa, do re mi kwa herufi za chaki, fimbo mkononi.

"Umekuja kuandika au kuimba?" aliniuliza.

"Kuandika tu, Mwalimu."

"Hapa hakuna kuandika tu. Besi wangu wawili wameenda matanga Machakos. Simama pale nyuma."

Kabla ya kuimba nilikuwa nimejaza kurasa mbili. Soprano, alto, teno, besi. Ufunguo, yaani leo do inakaa wapi. Mwendo, yaani tunakimbia au tunatembea. Nilijiona msafiri hodari. Kisha akanionyesha sehemu yangu ubaoni: do, do, so, do. Basi. Kisha tena do, do, so, do, kwa beti tano.

Ubeti wa kwanza niliuimba vizuri. Katika wa pili nilianza kuhisi kwamba uwezo wangu hautumiki. Katika wa tatu nikapamba kidogo: nilipanda hadi la, nikashuka kwa madaha. Alto wakayumba. Soprano wakaelea mahali pasipo na jina. Wimbo mzima ukaanguka kama nguo iliyokatikiwa kamba.

Mwalimu Ndunge alishusha fimbo. "Nani amehama?"

Kwaya nzima iligeuka kunitazama.

"Ni mimi," nikasema.

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Niliona narudia sana."

Mama mmoja wa alto akasema, "Shemeji amechoka kukaa nyumbani," na wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Mwalimu Ndunge hakucheka. Alikuja karibu na kugonga daftari langu kwa fimbo. "Kurudia ndiyo kazi uliyopewa. Wazungu wa zamani, waliotunga nyimbo za makanisa makubwa, wana neno lake: ostinato. Kipande kinachorudi na kurudi huko chini, ili hawa wa juu wapate mahali pa kurejea. Wewe ukihama, wao wamepotea. Andika hiyo, msomi."

Niliandika. Neno hilo nililikuta chuoni, katika ile kozi moja, na nililikariri kwa ajili ya mtihani. Nilipata alama nzuri. Sikuwahi kufikiri kwamba linaweza kumhusu karani wa reli.

Saa sita mchana pikipiki ilinishusha ukingoni mwa Mukuru kwa Njenga, nikaendelea kwa miguu, nikipishana na watu waliokuwa wametoka zamu ya nusu siku viwandani, bado wamevaa aproni. Mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa amenielekeza kwa Akoth, msichana anayepakia chupa kiwandani siku za kazi na kutengeneza muziki Jumamosi. Studio yake ni chumba cha mabati. Ukutani amegongomelea godoro kuukuu ili sauti isirukeruke, na juu ya ndoo iliyofunikwa kuna kompyuta.

"Niaje, mzae. Ingia, lakini usikanyage waya."

Alinifungulia wimbo kwenye kioo, ukaonekana kama ukuta wa matofali ya rangi. "Hii yote inaitwa biti. Hapa msee anarap, hiyo ni vesi. Hapa watu wote wanaimba, hiyo ni korasi. Na hii huku chini ndio lupu." Akazima mengine yote, tukabaki na sauti nne tu, zikija na kurudi, zikija na kurudi.

Nilitaka bado kujitetea. Nilitumaini kwamba angalau zama hizi zitakuwa upande wangu. "Huoni haja ya kuibadilisha mahali?" nikauliza. "Inarudia."

Akanitazama kama anayepima kama namtania. "Hiyo ni simiti, mzae. Ushaiskia mtu akilia ati simiti haisongi?" Akaiondoa lupu, akaacha sauti ya mwimbaji peke yake. Kijana aliyekuwa akitamba sasa alisikika kama mtu anayegombana na nafsi yake stejini pasipo watu. "Umeona? Ngoma imekufa. Kwani nani alikushow kurudia ni mbaya?"

"Nilijifunza mwenyewe."

"Basi ulijifunza vibaya."

Nikamweleza habari za Situma na makala yangu. Alisikiliza huku akibofya vitu, kisha akauliza, "Huyo buda, alikuwa anashika ama alikuwa anateleza?"

"Alikuwa anashika. Alasiri nzima hakuteleza hata mara moja."

"Sasa shida ilikuwa?"

Nilifunga daftari, nikamshukuru.

Kutoka hapo nilitembea kupitia Industrial Area, ukuta mmoja mrefu baada ya mwingine, nikavuka reli. Njiani nilikuwa nikipanga hotuba yangu. Huo ndio ugonjwa wangu: nikijua jambo asubuhi, kufikia mchana nina hotuba.

Saa tisa na nusu nilibisha hodi Kaloleni, kwenye nyumba ya mawe yenye bustani ndogo ya sukuma wiki. Mama Naliaka, mkewe Situma, alinifungulia. Nilimtajia jina langu, akanitazama kwa muda kabla ya kusogea kando. Mzee alikuwa ameketi sebuleni, mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, mtu ambaye bado anavaa kama anayekwenda ofisini.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Musyoka, Mzee. Aliyekuwa akichonga vinyago Gikomba."

"Musyoka. Alinichongea kigoda, bado tunakalia." Akanitazama tena. "Na wewe ndiye yule wa gazeti."

"Ndiye mimi."

"Keti. Mama, huyu apewe chai."

Nilisema nimekuja kuuliza jambo moja: kama aliacha bendi kwa sababu ya nilichoandika. Nilitegemea akane kwa adabu, au anifukuze. Yeye alitabasamu.

"Hiyo kitu niliisoma mara tatu. Kiongozi wetu aliibandika kwa mlango wa ukumbi. Wenzangu walitaka kukutafuta wakupige, unajua? Mimi nikawakataza. Nikawaambia, huyu kijana amesoma. Ameona kitu sisi hatuoni. Wiki iliyofuata nikajaribu kubadilisha. Naweka kitu mpya hapa, naweka ingine pale. Watu wakaacha kucheza, wakaanza kuangalia miguu yao."

"Halafu?"

"Halafu nikajua ni ukweli. Mimi ni mtu wa kitu moja, zaidi ya hapo sina. Nikaweka gitaa chini, nikashika kazi ya reli vizuri. Nikapanda cheo mara mbili." Alichukua kikombe chake. "Sikuwa na kinyongo na wewe. Bora kuambiwa mapema."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekunywa chai yake, akashukuru, akaenda zake. Lakini nilikuwa nimetoka Tena na daftari. Nikalifungua juu ya magoti. Nikamwambia kwamba si ukweli, kwamba nilikosea. Nikamweleza ostinato na makanisa makubwa ya kale. Nikamweleza lupu na simiti. Nikamweleza nilivyohama katika ubeti wa tatu na kwaya ikaanguka. Nilisema kwamba alichokuwa akipiga ndicho kilichowashikilia wote, kwamba watu waliacha kucheza wiki ile kwa sababu aliacha kurudia, si kwa sababu hakuwa na zaidi. Nilisema naomba radhi. Nadhani nilisema vizuri. Ninasema vizuri siku zote.

Mzee Situma aliweka kikombe mezani. "Kwa hivyo haikuwa makosa."

"Haikuwa, Mzee."

"Ile nilikuwa napiga, ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa."

"Sisi tulikuwa tunasema solo ndiye anaenda kutembea, ridhimu anabaki nyumbani," akasema taratibu. "Nilikuwa najua hivyo. Kabla sijasoma gazeti." Nje mtu alikuwa akiita watoto waoge. "Na wewe ulijua lini kwamba ulikosea?"

"Leo asubuhi."

"Leo asubuhi," akarudia.

Nilimwomba anisaidie basi kuandika maana ya neno ridhimu kwa ajili ya kitabu, maana yake kama yeye anavyoijua. Nilidhani hiyo ingekuwa heshima. Alitikisa kichwa bila hasira yoyote. "Andika wewe. Wewe ndiye unajua kuandika." Kisha akainuka, akaniambia nimsalimie mama yangu kama bado yuko, akaingia chumbani na kurudisha mlango.

Mama Naliaka alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa amesikia yote. "Alikuwa ameshazoea, mwanangu," akasema. "Alikuwa na sababu. Alikuwa analala nayo vizuri. Sasa umekuja ukamnyang'anya hiyo sababu, na gitaa tuliuza zamani."

Saa kumi na moja nilishika Jogoo Road kurudi Tena, kwa miguu, kwa sababu sikutaka kufika upesi. Daftari lilikuwa limejaa. Kama wasomaji wangu wanataka kujua nilijifunza nini, ni hili: niliondoka nyumbani nikidhani nina deni la kuomba radhi, na sikujiuliza radhi hiyo ni mzigo wa nani. Mimi nilirudi mwepesi. Niliuacha mzigo sebuleni kwa mzee wa miaka sabini, pamoja na miaka thelathini ambayo sasa anajua angeipitisha akipiga gitaa. Hilo ni kosa la pili, na ninaogopa ni kubwa kuliko la kwanza, maana la kwanza nililifanya nikiwa sijui kitu.

Jumatatu nilimwandikia mhariri aiondoe makala ile. Alijibu kwamba ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote kitabuni. Nikamwambia najua, aiondoe.

Jumanne nilimpigia simu Mama Naliaka kuuliza hali.

"Yuko," akasema. "Amekaa tu. Tangu uende, jioni anagonga mkono wa kiti na vidole. Kitu moja, hiyo hiyo, mpaka saa ya chakula. Redio hataki niwashe."

"Inakusumbua?"

"Hapana. Iko imara, haipotei hata kidogo. Nimemuuliza ni wimbo gani, hasemi. Nikafikiri wewe lazima unaujua, si ulikuwa pale, ukauandika?"

Nilijaribu kukumbuka. Niliukumbuka ukumbi, viti vya chuma, kalamu niliyokuwa nayo.

Nikamwambia sijui.