Sahani Safi, Maji Machafu

Mume wangu ni kinyozi, na akitoka kazini hamsalimii mtu kabla hajawasalimia samaki wake. Wako kwenye tangi la plastiki, kibarazani nyuma ya jiko. Pampu ndogo hupandisha maji yao kwenye beseni la kokoto lililooteshwa mchicha; mchicha unakula uchafu wao, maji yanarudi tangini yakiwa safi. Mimi nilisema hayo ni mambo ya watu wasio na kazi, ila mchicha wake naula.

Baba mkwe alipofariki tulimchukua mama mkwe akae nasi. Alikuja amekonda, gauni linamning'inia, nikajiapiza kwamba huyu mama nitamnenepesha. Kibarazani ndiko alikopenda kukaa, basi nikawa nampelekea chakula hukohuko, sahani imejaa, na sahani inarudi tupu kabisa. Kichwa kikanivimba. Mtaa mzima ulijua kwamba mapishi yangu mama mkwe habakizi hata punje. Ila kunenepa, hanenepi.

Mara maji yakaanza kunuka. Samaki wakawa juu juu wanatweta, na mume wangu uso umemshuka. Kila jioni alichota maji kwenye kichupa na kuyadondoshea dawa ya kupimia. Yakiwa njano ni salama. Yake yalikuwa kijani. Akapunguza chakula cha samaki, akabadilisha maji, wapi. Mwishowe alizamisha mkono hadi chini, akatoa wali uliooza, kiganja kizima.

Akanitazama mimi.

"Usinitazame hivyo," nikamwambia. "Wali wangu anaula mama, anaumaliza."

Nikakisikia nilichosema, nikamgeukia mama.

Mama alikuwa palepale kitini. "Wali wako mtamu, mwanangu," akasema. "Lakini kula peke yangu sijazoea. Hawa nikiwarushia, wanakuja."

Roho iliniuma. Sisi wawili tulikuwa tunakula ndani, mbele ya televisheni.

Jioni iliyofuata tulihamishia sinia kibarazani, tukakaa watatu. Mama alionja kidogo, akamcheka mwanawe kwamba kinyozi gani huyu ndevu zake mwenyewe zimemshinda, akaongeza wali. Maji nayo hayakuwa na haraka ya kurudi njano.

Juzi tulichelewa. Tulimkuta ameshatandika mkeka, mikono ameshanawa, amenuna.

"Nyie watu," akasema, "mnataka nife njaa?"