Nilimpeleka Bi Mkubwa Marekani kuona daraja la kwenye kalenda, siri ikavujia New York

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni mtu wa kuuliza maswali. Nikisoma uzi wa mtu humu ndani natafuta kwanza penye kasoro, halafu ndiyo naangalia kama kuna la maana. Nanyi nisomeni hivyo hivyo. Nitaandika kilichotokea, na ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika.

Naishi London, Stratford, na Bi Mkubwa, yaani mama yangu mzazi. Yeye ni carer, anazunguka majumbani mwa wazee kuwaogesha na kuwapa dawa. Mimi nilimaliza chuo hapa hapa, sasa nakaa ofisini nachezea data.

Mwanzoni mwa mwaka Bi Mkubwa alikuwa anapanga annual leave yake. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akanitazama kama nimemwuliza anaitwa nani.

"Nyumbani. Wapi kwingine?"

Nikakaa nikafikiri. Tangu tuje nchi hii sijawahi kumwona mama yangu akienda likizo. Anakwenda Tanga.

Na Tanga si likizo. Tanga ni mabegi yaliyojaa viatu vya watu. Ni kulala msibani, ni vikao vya harusi ya mtoto ambaye hata hamjui vizuri, halafu anarudi London amechoka kuliko alivyoondoka na kesho yake yuko kwenye shift.

Wengi humu mnajua ninachosema. Likizo ya mtu wa ughaibuni ina wenyewe, na wewe si mmoja wao.

Nikamwambia: "Mwaka huu huendi Tanga. Chagua mahali popote duniani ambapo hakuna anayekudai salamu."

Akacheka. Nikadhani yameishia hapo.

Siku kadhaa baadaye yuko jikoni anakatakata mchicha, akauliza bila kunigeukia: "Lile daraja jekundu la Marekani lipo bado?"

Ikabidi anieleze. Babu yangu alikuwa fundi cherehani, duka lake lilikuwa Ngamiani. Ukutani kulikuwa na kalenda yenye picha ya daraja jekundu, maji chini yake, na meli ndogo inapita. Mwaka wa kalenda ukaisha, ikabaki ukutani. Miaka ikapita, bado ipo. Mama na dada yake walikuwa wanakaa chini ya meza ya babu wakiokota vifungo na kubishana kama ile meli inakwenda au inarudi.

"Juu palichanika pale kwenye msumari, panya naye akaja akamalizia," akasema. "Lakini kuanzia katikati kushuka chini ilikuwa nzima."

Kwa hiyo ni San Francisco. Golden Gate.

Mimi kama kawaida yangu nikaanza ubishi. Nilisoma kurasa nyingi sana za mtandaoni kuhusu miji ya Marekani ambayo watu wanapenda kwenda vacation. Wakuu, zinaigana. New York, Chicago, New Orleans, Miami, Las Vegas, San Francisco, wanabadilisha mpangilio tu. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Las Vegas kwa mama anayeswali swala tano, anakwenda kufanya nini? Miami ufukwe, yeye kazaliwa ufukweni. Mimi moyo wangu ulikuwa Chicago, nikaone maghorofa.

Nikajaribu: "Mama, mbona London ina madaraja?"

"Hayo nayavuka nikienda kazini."

Nikafanya booking, New York kwanza halafu San Francisco. Nikajiapiza kwamba mwaka huu mwanamke huyu ataliona daraja lake, liwalo na liwe.

Akaweka sharti moja tu. Mtu yeyote asijue mpaka tumerudi.

Nyumbani wakijua yuko Marekani, kila atakayepiga simu atauliza bati la nyumba ya bibi limefikia wapi. Na kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Dada yake mwenyewe, Mama Mkubwa Mwanaidi, yule wa kuokota vifungo, anaishi Houston. Kwetu, kutua nchi aliyopo dada yako usiende kumsalimia ni sawa na kumwambia umemsusa. Umbali wa kutoka New York mpaka Houston hauingii kwenye hesabu hiyo.

"Si tumwambie tu?" nikauliza.

"Nikimwambia tutakwenda Houston. Tukienda Houston tutakaa Houston."

Hilo sikubishana nalo, kwa sababu ni kweli. Kwa Mama Mkubwa unakwenda kula chakula cha mchana, unatoka baada ya wiki.

Tukasafiri Julai. Bi Mkubwa akabeba koti lake zito la winter la London. Nilimcheka mpaka uwanja wa ndege. "Marekani ni joto, mama." Akasema yeye haamini hali ya hewa anayoelezwa na mtu.

New York niwe mkweli: nilitarajia kuipinga, nikashindwa. Inachosha lakini haikuchoshi, sijui niieleze vipi. Ushauri wangu kwa anayekwenda: usikimbizane na kila jengo. Chagua mtaa mmoja, tembea. Bi Mkubwa alichokipenda kuliko vyote ni kukaa kwenye benchi Central Park bila kumhudumia mtu yeyote. Alikaa pale mikono juu ya mapaja kama mgeni aliyeambiwa asiguse kitu.

Halafu tukaenda Times Square, na hapo ndipo siri ilipovuja.

Tuko katikati ya umati, mama mmoja anapita na simu sikioni, anasema kwa sauti, "Sasa mgosi, mimi nifanyeje?"

Mgosi. Neno la Tanga kabisa. Namshika Bi Mkubwa mkono, nimechelewa, ameshageuka.

"Dada, wa Tanga?"

Ndiyo, wakuu. Mtu aliyenikataza nisimwambie hata jirani yetu wa Stratford. Lakini mtu wa kwetu akisikia Kiswahili ugenini, mdomo unatangulia akili. Yule mama alikuwa wa Muheza. Wakakumbatiana, wakaulizana majina ya watu, ikapigwa picha. Nadhani hata mimi nilitabasamu kwenye ile picha.

Tulikuwa hatujafika hata hotelini. Picha ilikuwa imeingia group la WhatsApp la watu wa Tanga walioko nje, na tulipoingia tu chumbani simu ya Bi Mkubwa ikaita. Houston.

Akaweka loudspeaker.

"Nimeona picha," Mama Mkubwa akasema. Hakupokea hata salamu. "Umependeza. Na kijana kanenepa. Nikajiuliza, huyu anayefanana na mdogo wangu ni nani? Maana mdogo wangu angetua Marekani angeniambia."

"Dada, nilikuwa nataka..."

"Ulikuwa unataka kunipita kama kituo cha basi. Haya. Nimeshamwambia mwenye bucha anitafutie mbuzi. Mnafika lini?"

Simu ilipokatwa Bi Mkubwa akakaa kitandani, akavua viatu. "Angalia ndege za Houston."

"Na daraja?"

"Daraja halitaninunia."

Tukabishana. Nikamwambia kila likizo yake inaliwa na mtu, hii nayo inaliwa mbele ya macho yangu na mbuzi juu. Akasema mimi sina dada, sijui. Akaanza kukunja nguo. Lile koti akaliweka chini kabisa ya begi, kama kitu ambacho hakitahitajika tena.

Hilo koti ndilo lililonisukuma. Nikatoka, nikashuka mpaka nje ya hoteli, nikampigia Mama Mkubwa mwenyewe.

Mnaelewa uzito wake. Mtoto kumpigia mkubwa wake kumwambia hapana. Sijawahi kumwambia Mama Mkubwa hapana hata akiniongezea wali.

"Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba. Kakutuma?"

"Hajui kama nimepiga. Mama Mkubwa, Houston hatuji."

Nikaendelea haraka kabla ujasiri haujaisha. "Tunakwenda San Francisco. Mama anataka kuona daraja. Tukija kwako hataliona, na mwakani atarudi Tanga, na mwaka wa mbele yake Tanga. Kama ni kukasirika nikasirikie mimi."

Nikasubiri matusi. Akauliza taratibu:

"Daraja lipi? Lile la baba?"

"La kwenye kalenda."

"Kumbe bado analikumbuka." Nikasikia anavuta kiti. "Unajua mimi sijaliona?"

Hapo ule ugonjwa wangu wa kuuliza ukanijia. Miaka yote hiyo anaishi Marekani, kwa nini hajaenda?

"We mtoto, likizo zangu hujui zinakwenda wapi?"

Nilijua. Zilikuwa zinakwenda Tanga pamoja na za mama yangu, ndege tofauti, mabegi yale yale.

Nikamwambia, "Basi njoo."

"Una wazimu. Nina shift."

"Badilishana na mtu."

"Na mbuzi je?"

"Mbuzi aishi, Mama Mkubwa."

Akacheka, kicheko kile kile cha Bi Mkubwa. Akasema ataona. Kwa lugha yake ataona ni ndiyo.

Bi Mkubwa nilimwambia usiku ule ule. Alinisema sana kwa kumkosea adabu dada yake. Halafu akalitoa koti kutoka chini ya begi akalitundika.

Tukakutana San Francisco. Mama Mkubwa alishuka kwenye ndege na kiboksi cha barafu kimejaa sambusa, maana aliyesusiwa hawezi kuja mikono mitupu. Alikuwa amevaa dera jepesi na sandozi za Houston.

Wakuu, San Francisco Julai ni baridi. Sisemi kibaridi. Upepo unaingia mpaka mfukoni. Mtu pekee aliyevaa vizuri katika familia yetu alikuwa Bi Mkubwa, na alinitazama huku akifunga vifungo mpaka shingoni.

Na daraja halikuwepo.

Ukungu. Mweupe, mzito, umefunika kila kitu. Tukalipanda hivyo hivyo, tukatembea juu yake kwa miguu. Unashika chuma chekundu, unakiona kinapanda, halafu kinapotea kwenye weupe. Wale wawili walikuwa wanapokezana koti moja, huyu akipata joto anamvisha mwenzake.

"Nimeacha mbuzi kwa ajili ya hili," Mama Mkubwa akasema.

Chini huko, ndani ya ukungu, honi nzito ikalia. Wakasimama wote.

"Inakwenda," Bi Mkubwa akasema.

"Inarudi. Sikiliza."

Baadaye nilisoma kwamba daraja lenyewe lina honi zake za ukungu, kwa hiyo inawezekana kabisa haikuwa meli. Sijawaambia mpaka leo.

Kesho yake ukungu ule ule. Siku ya kuondoka ilipofika Bi Mkubwa akasema, "Imetosha baba, tumelishika kwa mikono." Mama Mkubwa naye alishafunga begi.

Mimi nikakataa. Nilitazama dirishani nikaona ukungu umelala chini, juu kuna anga la bluu. Nikajiambia kitu chenye chini kina na juu. Nikaita taksi, nikawaingiza wakinung'unika, tukavuka upande wa pili na kupanda mlima mpaka barabara ikatoka kwenye weupe.

Tukashuka kwenye jua. Chini yetu hakukuwa na maji, wala meli, wala barabara ya daraja. Ukungu mtupu kama pamba. Na katikati ya ile pamba vimesimama vichwa viwili vya nguzo, vyekundu.

Wakatazama muda mrefu. Mama Mkubwa ndiye alikuwa na koti.

Bi Mkubwa akanyoosha kidole.

"Hapo," akasema, "ndipo alipokula panya."

Najua inavyosikika. Uzi huu angeuleta mwingine ningekuwa wa kwanza kuandika "chai", kwamba ni hadithi ya kutunga. Andikeni, sina kinyongo. Mimi nilikuwepo.

Nilichojifunza ni kwamba zile kurasa za miji mizuri ya kutembelea hazina makosa, ila zinaanzia mwisho. Anza na mtu unayempeleka, umwulize alikuwa anatazama nini utotoni. Na ukishapata jibu, shikilia. Ndugu watanuna, hali ya hewa itakataa, mwenyewe atakwambia imetosha. Shikilia.

Wiki iliyopita nyumbani walipiga simu kuuliza anakuja lini. Nilikuwa jikoni, nikamsikia: "Mwakani sijui. Dada ananisumbua, kuna mji unaitwa Chicago."

Sasa nyie wa ughaibuni, niambieni: likizo yako ya mwisho ambayo haikuwa ya kwenda nyumbani ulikwenda wapi? Kama jibu ni hakuna, andika hivyo hivyo. Na anayeijua Chicago aseme tuje na koti au tusije nalo, ingawa kuna mtu humu nyumbani kwetu hatakuamini.