Mwaka mzima nabeba maji ya Lualaba, majivu yakaniangusha

Wakuu, poleni na majukumu. Hii si chai, imenikuta mimi mwenyewe, na naiandika nikiwa nimechoka kweli.

Niko Kolwezi, huku Kongo, nasoma master's ya jiolojia. Kazi yangu: kuchota maji ya vijito vinavyoingia mto Lualaba, upande wa Nzilo, na kuyatuma maabara ya nje wapime potasiamu.

Kwa kifupi tu, msilale. Potasiamu hutoka kwenye mawe, na kuna nzito na nyepesi. Mvua ikila jiwe, udongo hushikilia zaidi ile nyepesi, mto unaondoka na nzito. Ukiipima mtoni unajua miamba ya huko juu imeliwa kiasi gani.

Vijana wanaochimba shaba walinicheka sana.

"Tata, unaacha cuivre, unabeba mayi?"

Nilicheka nao. Moyoni iliniuma.

Chupa zangu, zilizooshwa kwa asidi, nilizitunza kwa Mama Béa, mjane anayekaa karibu na mto. Kila mwezi nakula bukari, yaani ugali, kwake, nachukua chupa, nachota, narudi mjini.

Majibu yakaja. Potasiamu nyingi kupita kiasi, tena inafanana na ya mimea, si ya mawe. Profesa akaandika mistari miwili: eleza, au tafuta mada nyingine.

Nikarudi kijijini bila kumwambia mtu. Nikamkuta Mama Béa amechuchumaa, anasugua chupa zangu kwa majivu ya kuni.

Majivu, wakuu. Yamejaa potasiamu tele!

"Bilikuwa binanuka dawa ya labo," akasema. "Kila mwezi nilikuwa nabisugua, nabirudisha mu sachet ya plastiki. Unaona, biko propre, safi kabisa."

Nilikaa chini nikalia. Sioni aibu kusema.

Nilipotulia nikamweleza yote, mawe, mto, potasiamu. Nilidhani hataelewa. Ndiyo maana sikuwahi kumweleza.

Akaiweka chupa chini.

"Majivu si iko na munyu? Nkambo yangu alikuwa anaichuja, anapikia. Mwaka muzima unakula kwangu, tata. Haukuniambia kitu."

Munyu ni chumvi, nkambo ni bibi. Kumbe majivu aliyajua kabla yangu.

Profesa nimemwandikia ukweli. Mwaka umekwenda na maji, naanza upya mvua zikirudi. Mama Béa amezifunga chupa mpya kwenye sanduku, ufunguo anao yeye.

Nilichojifunza: anayekulisha mweleze kazi yako, hata kama unajiona msomi.

Nani mwingine ameangushwa na wema wa mtu? Semeni, nasoma. Ila msinicheke leo.