Nyonga Iliyolika kwa Miezi Saba

Dobini walimwita Mama Mikunjo, kwa utani, maana nguo ikipita mkononi mwake haibaki na mkunjo hata wa dawa. Alipiga pasi miaka ishirini na mitatu, kutwa amesimama, uzito wote kaubwaga mguu wa kulia.

Mwezi wa pili kinena kikaanza kumuuma. Zahanati wakampiga picha, wakamwambia nyonga imeanza kulika kidogo, mambo ya umri. Wakamchoma sindano kwenye kiungo, wakampa na vidonge. Wiki tatu akatembea kama msichana. Maumivu yakarudi na ndugu zake, akachomwa tena. Kufikia mwezi wa tisa hawezi hata kuinama, viatu anavishwa na mumewe.

"Nilioa au niliajiriwa?" mzee akanung'unika.

"Funga kamba, acha hotuba."

Hospitali kubwa, daktari wa mifupa alizipanga picha mbili kwenye taa. Mama Mikunjo hakuhitaji kuelezwa. Ya zamani, kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa duara, kina nafasi yake. Ya sasa kimebonyea, mfupa unasaga mfupa.

"Miezi saba tu, daktari?"

"Kwa wengi huchukua miaka, mama. Kwa wachache hukimbia hivi."

"Ni sindano?"

"Huenda. Huenda pia mfupa ulipata ufa mdogo chini ya gegedu, ule utando laini wa kiungo. Ukishakoma hedhi mifupa hudhoofika. Au vidonge vilificha maumivu, ukazidi kuukanyagia. Vijidudu tumepima, hakuna. Zaidi ya hapo nitakudanganya."

"Sasa nimlaumu nani?"

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nyumbani kila mtu akawa tabibu. Dada yake alishikilia ni pasi. Binti yake akaapa ni sindano. Walibishana mbele yake kama vile hayupo. Alichoka kuumwa, akachoka zaidi kuelezwa.

Alingoja miezi mitano, akienda chooni kwa magongo, hadi alipopasuliwa na kuwekewa nyonga ya chuma. Siku ya tatu mtaalamu wa mazoezi akamsimamisha. Hatua nne, akaomba kiti.

"Vipi?" mumewe akauliza.

"Kule kusaga kumekwisha."

"Basi cheka kidogo, mama."

"Nitacheka," akasema, macho kayafumba. "Niache kwanza nipumzike."