Kitabu cha Baridi

Mpaka leo nikikumbuka kile kitabu, hasira hunipanda.

Nilifika Igowole nikitokea Mbeya, mara kwa miguu, mara juu ya malori. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini tarakimu nilizipenda, na kwa hizo nikapata kazi kwenye shamba la chai la mzungu mmoja. Kila alfajiri nilifungua kisanduku cheupe kilichosimama juu ya nguzo nyuma ya jiko la nyapara, nikasoma kipimajoto kilichokuwa ndani, nikaandika kitabuni. Kitabu kilikuwa na miaka tisa. Nilikisoma chote kama hadithi, nikaona baridi ikipungua mwaka hadi mwaka.

Nikamwambia mama mjane niliyepanga kwake. Yeye kila mwaka, tangu Mei, huweka bakuli la maji jioni kwenye majani ya bondeni. Maadamu asubuhi analikuta na barafu, viazi hapandi huko. Nilimcheka. Nilisema bakuli halina kumbukumbu, kitabu kinayo. Alisita siku mbili, kisha akapanda bondeni mbegu yote aliyokuwa nayo.

Viazi vilichipua vizuri. Halafu asubuhi moja ya Julai bonde likaamka jeupe kwa sakitu, umande ulioganda, na jua lilipopanda, majani yakawa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mama alisimama ukingoni mwa shamba.

“Msomi,” aliniambia, “kitabu chako leo kinasemaje?”

Kilisema asubuhi ya kawaida. Nikarudi kukikagua kisanduku. Hatua chache kutoka hapo kuelekea bondeni nikajikwaa kwenye kisiki cha nguzo iliyooza. Mbele yake kulikuwa na kingine. Cha tatu kilikuwa chini kabisa, karibu na kijito. Nyapara alinieleza bila haya kwamba makarani walionitangulia walichoka kulowa umande, basi kila mmoja alikisogeza kisanduku kidogo kuelekea jikoni.

“Kipimajoto ni kilekile, bwana. Kwani kina miguu ya kuumwa baridi?”

Miaka tisa! Nilikuwa nimesoma habari za makarani wanaosogelea moto. Kama baridi ya nchi ilipungua kweli, nani angejua tena? Nami nilitaka kujua.

Nilikibeba kisanduku mwenyewe mpaka bondeni. Kesho yake niliandika baridi ya kweli, nyapara akaifuta kwa sababu haikulingana na tarakimu za juu yake.

Nikaacha kazi. Nilimlimia mama kilimani, kwa mbegu aliyoazima kwa dada yake. Bakuli nililipeleka mimi bondeni kila jioni, na asubuhi nikapima unene wa barafu kwa ukucha, nikaandika kwa mkaa nyuma ya mlango wake.